Mtori Nao Ni Chakula

Basi likisimama kituo cha Maji ya Chai, njia ya Arusha, abiria hata hajashusha mguu, tayari wanawake wamelizunguka na mabeseni. Nyanya hizi hapa, karoti hizi hapa, parachichi, ndizi mbivu. Anayekuja mwisho, bila kusukumana na mtu, ni Anneth. Hana sauti kubwa. Lakini nyanya zake ni safi, na wateja wake wanamjua.

Anneth ni mama wa mtoto mmoja, Calvin, ambaye hajafika miezi mitano. Mumewe ni Dismasi, dereva wa lori la mboga. Leo yuko Arusha, kesho yuko Chalinze, keshokutwa Dar es Salaam. Nyumbani analala siku moja au mbili, kisha barabara inamwita tena.

Kwao Dismasi ni Kibosho, Kilimanjaro. Huko mwanamke akijifungua, mama mkwe huja kumlea mzazi. Basi Mama Hedwiga, mama yake Dismasi, alishuka na mkungu wa ndizi, dumu la maziwa na godoro lake. Godoro alilitandika chumbani, sakafuni, karibu na kitanda cha mzazi. Dismasi akahamishiwa kwenye kochi sebuleni. Miezi mitatu ya uzazi iliisha, godoro likabaki palepale. Nani angethubutu kumwambia mama mkwe aondoe godoro?

Calvin hakuja kirahisi. Anneth aliumwa uchungu mpaka nguvu zikamwisha, akafanyiwa upasuaji. Damu ilitoka nyingi, akaongezewa ya watu wengine. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwambia kwamba kidonda cha nje kitapona upesi, lakini cha ndani kitachelewa. Asibebe mimba nyingine kabla Calvin hajafikisha miaka miwili, kwa sababu kizazi kinaweza kuchanika. Anneth alilishika neno hilo moja, kuchanika. Kama daktari alimweleza pia jinsi ya kujikinga, yeye hakusikia. Masikio yalikuwa yameshaziba.

Jumapili moja, Mama Hedwiga alikwenda kwenye msiba Usa River, akalala hukohuko. Siku hiyo Dismasi alikuwa nyumbani. Watu wazima mnaelewa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Calvin azaliwe. Kondomu hawakuwa nayo. Anneth alisita, lakini Dismasi akamtuliza. Alisema mwanamke anayenyonyesha hashiki mimba, na isitoshe hajaona siku zake tangu ajifungue. Akaongeza kwamba atachomoa mapema. Anneth akaamini, kwa sababu alikuwa anataka kuamini.

Jumanne, biashara ilikuwa imepoa. Wanawake walikaa kivulini wakisubiri mabasi. Jackline, muuza viazi, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, alikuwa anawasimulia jinsi alivyompata mtoto wake wa pili.

"Nilikuwa bado nanyonyesha wa kwanza," alisema. "Damu sikuona hata tone. Tumbo likaanza kucheza, nikasema hii ni minyoo. Nikanunua dawa ya minyoo. Kumbe minyoo yenyewe leo iko darasa la tatu."

Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Anneth naye alicheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

Aliuliza kama mtu anayemuulizia mwenzake, kwamba si watu wanasema ukinyonyesha hushiki mimba? Jackline akajibu kwamba watu wanasema mengi. Halafu, kwa utani tu, akasema anayeogopa aende kwa yule mama wa nyuma ya mashine ya kusaga. Ana dawa ya mizizi. Ukinywa, kila kitu kinatoka.

Kuanzia hapo Anneth hakuuza vizuri. Alirudisha chenji vibaya, akaulizwa bei mara mbili asisikie. Alipopata nafasi alimpigia Dismasi simu. Dismasi alikuwa anakula, akamwambia asijitie presha ya bure, mbona ananyonyesha. Anneth alitaka kumwambia kwamba mwenye kizazi cha kuchanika si yeye. Badala yake alikata simu, akaenda nyuma ya mashine ya kusaga, akarudi na kichupa cha dawa nyeusi.

Usiku alilala macho. Alikuwa anaogopa mambo mawili, na yote yalikuwa yamelala naye chumba kimoja. La kwanza lilikuwa ndani ya tumbo lake, kama lipo. La pili lilikuwa Mama Hedwiga, pale chini kwenye godoro. Mama mkwe akijua, atasema wamembemenda mtoto. Ndivyo watu wanavyosema, kwamba wazazi wakilala pamoja mapema, mtoto mchanga anadhoofika. Anneth aliweka mkono kwenye kovu lake. Akafikiria Calvin akikua bila mama. Machozi yakamtoka, akayameza asisikike.

Asubuhi alikifungua kile kichupa jikoni. Harufu ilimpiga puani, tumbo likamvuruga. Akashtuka zaidi, akadhani kichefuchefu cha mimba kimeshaanza. Alikipeleka mdomoni. Wakati huohuo Calvin akalia, anataka ziwa. Akakiondoa mdomoni. Chochote atakachokunywa yeye, mtoto naye atakinyonya. Alikifunga kichupa, akakitia kwenye mkoba, akaanza kumvalisha Calvin nguo za kutokea.

Mama Hedwiga alimuuliza wanakwenda wapi. Anneth akasema kituo cha afya, Calvin anakohoa. Bibi aliweka sikio kifuani kwa mjukuu wake, akasikiliza, akasema yeye hasikii kitu. Hata hivyo alijifunga kanga, akabeba chupa ya chai ile kubwa, akasema, twende wote. Mpango wa Anneth wa kwenda peke yake ukaharibika kabla hata hajatoka mlangoni.

Pale kituoni kulikuwa na nesi anaitwa Nashilu. Ni mwenyeji wa Terrat, mwanamke mrefu, hana haraka na mgonjwa. Anneth aliingia na Calvin, bibi akabaki kwenye benchi nje. Anneth alimwamkia shikamoo, kisha akaanza habari ya kikohozi. Nashilu alimpima mtoto kifua, koo na joto. Halafu akamrudishia mama yake.

"Mtoto ni mzima kabisa," alisema. "Haya niambie, mgonjwa ni nani?"

Anneth alifungua mdomo, kilio kikatangulia. Nashilu alimpeleka Calvin nje kwa bibi yake, akarudi, akafunga mlango. Alimwambia kwamba yatakayosemwa humu hayatoki humu. Basi Anneth akamwaga yote: Jumapili, upasuaji, neno la daktari, Jackline na minyoo yake. Akakitoa na kile kichupa, akakiweka mezani.

Nashilu alikitazama. Alimshukuru kwanza kwa kutokinywa. Alisema hajui ndani kuna nini, na huenda hata aliyekiuza hajui, lakini ameshapokea wanawake walioletwa hapo hawajitambui kwa sababu ya dawa za aina hiyo. Kisha akavuta kiti karibu. Alisema hofu haipimi mimba, kwa hiyo watafanya hesabu ya kweli, polepole.

Akaanza kuuliza. Walikutana lini? Jumapili. Kabla ya hapo? Hapana, hiyo tu tangu kujifungua. Walitumia kinga yoyote? Hapana, ila mume alichomoa mapema. Ameona hedhi? Bado. Mtoto ana miezi mingapi? Anakaribia mitano. Ananyonya? Ndiyo, vizuri sana.

"Sikiliza," Nashilu alisema. "Ni kweli kwamba kunyonyesha kunazuia mimba. Lakini lazima mambo matatu yawe pamoja. Mtoto awe hajafika miezi sita. Mama awe hajaona hedhi. Na mtoto awe ananyonya tu, mchana na usiku, bila kupewa kitu kingine. Yakiwepo yote matatu, mimba ni nadra sana. Likikosekana hata moja, usilitegemee ziwa."

Anneth alivuta pumzi ndefu. Aliyahesabu moyoni, akaona anayo yote. Alianza hata kufuta machozi.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mfanyakazi mwingine aliingia kuchukua glavu, akauacha wazi. Pale kwenye benchi, Mama Hedwiga alikuwa amempakata Calvin. Chupa ya chai iko wazi, inafuka moshi. Bibi anapuliza kijiko, Calvin anafungua mdomo. Wala hakuna anayemlazimisha.

Nashilu alitazama, kisha akamgeukia Anneth.

"Yule mama anampa nini mtoto?"

"Mtori tu, sista."

"Tangu lini?"

Anneth alisema tangu aliporudi kwenye biashara. Kidogo tu, wa kumtuliza mama akiwa hayupo. Nashilu akauliza na usiku je, anaamka kunyonya? Anneth akajibu kwa fahari kidogo kwamba Calvin hasumbui, anashiba jioni, anaamkia asubuhi.

Nashilu aliinuka, akafunga mlango mwenyewe.

"Anneth," alisema taratibu, "mtori nao ni chakula."

Msimcheke Anneth. Aliolewa kwenye nyumba ambayo mtori haujawahi kuhesabiwa. Mzazi anakunywa mtori, mgonjwa anakunywa mtori, mtoto anaonjeshwa mtori. Ni ndizi zilizopondwa na mchuzi wa nyama, laini, hazihitaji hata meno. Mtu akiulizwa kama mtoto ameanza kula, anasema bado, anakunywa mtori tu. Wangapi wetu tumelisema jambo hilohilo, pengine kwa uji, pengine kwa maziwa ya ng'ombe?

Nashilu alimweleza. Mtoto akishiba mtori, hanyonyi sana. Akilala usiku kucha, hanyonyi kabisa. Ziwa lisiponyonywa mara kwa mara, mwili unaona kazi imepungua, unaanza kuandaa yai. Na yai ndilo linalotangulia, hedhi inafuata baadaye. Kwa hiyo mwanamke anaweza kupata mimba kwa yai la kwanza kabisa, kabla hajaona tone la damu. Ndicho kilichompata Jackline.

Anneth alishika ukingo wa meza. Ile pumzi aliyoivuta yote ilimtoka.

"Kwa hiyo nina mimba?"

"Sijui. Na leo hakuna mtu duniani anayeweza kujua. Nitakwambia ninachokijua."

Alimwambia kwamba wanawake wengi wakikutana na mwanamume mara moja tu, hawashiki mimba, kwa sababu lazima yai liwepo au liwe karibu kutoka. Lakini yeye hana hedhi, hivyo hana njia ya kujua Jumapili yai lilikuwa wapi. Tena mbegu za mwanamume hazifi ndani ya saa moja. Zinaweza kukaa ndani siku kadhaa zinalisubiri. Kuchomoa mapema kunapunguza hatari, hakuiondoi, maana mbegu nyingine hutangulia bila mwenyewe kujua. Kujiosha hakuzifikii. Na kile kichefuchefu cha asubuhi si dalili ya mimba. Dalili haziji kwa siku tatu. Kile ni hofu, pamoja na harufu ya dawa ya mizizi.

"Uwezekano si mkubwa, lakini upo," Nashilu alisema. "Na kwa kidonda chako, sitaki tubahatishe. Umekuja mapema. Bado kuna la kufanya leo."

Anneth alikuwa hajui kwamba kuna la kufanya. Alidhani ni kusubiri tu, au kile kichupa.

Nashilu alimweleza njia mbili. Kuna vidonge vya dharura. Vinachelewesha yai, na kadiri unavyowahi kuvimeza ndivyo vinavyosaidia zaidi. Vinauzwa hata kwenye maduka ya dawa, na anayenyonyesha anaruhusiwa. Halafu kuna kitanzi cha shaba, kidude kidogo kinachowekwa ndani ya kizazi. Kikiwekwa ndani ya siku tano tangu kukutana, ndicho kinachokinga zaidi kuliko kingine chochote. Na kikishawekwa kinabaki kikifanya kazi miaka mingi, mpaka mwenyewe atake kitolewe. Hakigusi maziwa ya mtoto. Njia zote mbili zinazuia mimba isitungwe. Hazitoi mimba iliyokwisha kuingia.

Kitanzi kilimtisha Anneth. Alikuwa amesikia kwamba kinapanda mpaka moyoni. Nashilu alitabasamu kidogo, akasema kutoka kizazini hakuna njia ya kwenda moyoni. Alimwambia ukweli wote, kwamba siku za mwanzo tumbo linaweza kukata na damu kidogo ikatoka. Maumivu yakizidi, au akipata homa, arudi upesi. Akamwambia pia kwamba kitanzi hakizuii magonjwa ya zinaa wala virusi vya ukimwi. Kwa hayo ni kondomu.

Anneth aliuliza kama mumewe anatakiwa kukubali kwanza. Akauliza pia, kwa sauti ya chini, kama ni kweli amembemenda Calvin.

"Kidonda ni chako, uamuzi ni wako," Nashilu alijibu. "Na mtoto hadhoofiki kwa sababu baba na mama wamelala pamoja. Anadhoofika akikosa maziwa, au akiumwa asitibiwe. Wako umemwona mwenyewe."

Anneth alichagua kitanzi. Nashilu alimpima kwanza, akaridhika. Kazi yenyewe haikuchukua muda. Iliuma, akabana meno, ikaisha. Aliambiwa arudi baada ya wiki tatu kupima mkojo. Kabla ya hapo kipimo kinaweza kumdanganya. Kinasema hakuna, kumbe ipo, bado changa.

Nashilu aliwatoa hadi nje. Alimwamkia Mama Hedwiga kwa heshima, akamsifu kwa mjukuu mwenye afya. Kisha akamwomba mtori usubiri. Mpaka miezi sita, Calvin anyonye tu. Mama yake akienda kuuza, akamue maziwa, ayaache kwenye kikombe safi chenye mfuniko. Mama Hedwiga alisikiliza, akafunga chupa yake ya chai.

Njiani Anneth alikuwa anatembea taratibu, ameshika tumbo. Mama mkwe alimtazama mara moja, akamtazama tena, akamuuliza waziwazi alifuata nini kwa yule nesi. Anneth alikuwa amechoka kudanganya. Akamwambia. Alisema yote akiwa ameinamisha macho, akingoja mvua ya maneno.

Mama Hedwiga alisimama barabarani.

"Miezi yote nimelala pale chini," alisema. "Nimekwenda msibani siku moja tu."

Akamchukua Calvin, akatangulia mbele. Hapo ndipo Anneth alipoelewa godoro lile lilikuwa linalinda nini. Lakini hakujua kama bibi amekasirika au vipi. Jioni bibi hakusema. Kesho yake hakusema. Alipika, akafua, akamnywesha mtoto maziwa ya kikombe kama alivyoelekezwa. Mtori wa Calvin ulikoma siku hiyohiyo. Ila maneno hakuna.

Ukimya huo ulimtesa Anneth kuliko kugombezwa. Tumbo lilipokata, aliogopa. Lilipoacha kukata, aliogopa pia. Calvin sasa alikuwa anaamka usiku kunyonya, na kila alipoamka, Anneth alisikia godoro la chini nalo linageuka. Alidhani bibi anahesabu makosa. Alidhani Kibosho nzima wameshapigiwa simu. Dismasi aliporudi safari, Anneth alimweleza kila kitu. Dismasi hakutafuta utetezi. Alisema amekosa, kwamba alizungumza jambo asilolijua kana kwamba analijua. Akaenda mwenyewe kwenye kochi.

Wiki tatu zilikuwa ndefu. Siku ilipofika, Anneth alikuwa bado kitandani, anaogopa hata kuinuka. Aliguswa bega. Mama Hedwiga alikuwa amesimama pale, amekwisha kuvaa.

"Mama Calvin, amka. Leo ndiyo siku."

Kumbe naye alikuwa anahesabu.

Kituoni, bibi alikaa kwenye benchi lilelile na Calvin. Ndani, Nashilu alichovya kipimo kwenye mkojo, wakasubiri. Anneth hakuweza kukitazama. Alitazama ukuta. Alifikiria kisu, damu, lile neno la daktari. Nashilu akamgusa mkono. Mstari ulikuwa mmoja. Hakuna mimba.

Anneth alitoka nje. Alimwambia mama mkwe wake kwa sauti ndogo, "Hakuna, mama. Sina."

Mama Hedwiga alimkumbatia Calvin kifuani, mabega yakaanza kumtikisika. Anneth hakuwahi kumwona akilia, hata siku moja. Alikaa pembeni yake, akamshika mkono.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Agnela," Mama Hedwiga alisema. "Alipasuliwa kama wewe. Mtoto hajatembea, akabeba mwingine. Yeye alikuwa anaogopa, mimi nilikuwa naogopa, mama yetu alikuwa anaogopa. Kila mtu alinyamaza na hofu yake. Tukamzika yeye na aliyekuwa tumboni pamoja."

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Sikukukasirikia, mwanangu. Nilikuwa siwezi kusema. Nilikuwa namwona Agnela. Hatukujua kwamba jambo hili mtu anaweza kwenda kuuliza."

Wakakaa hivyo, wameshikana mikono, Calvin katikati anavuta kanga. Wagonjwa wengine waliwapita. Kisha Mama Hedwiga alimkabidhi Anneth mtoto. Aliinuka, akapiga hodi kwenye mlango wa Nashilu, akaingia bila kungoja jibu.

"Sista," alisema, "nina binti yangu Kibosho. Naye ana mtoto mchanga, naye anampa mtori. Niambie na mimi yale mambo matatu uliyomweleza Mama Calvin, polepole, nimpigie simu sasa hivi."